Theluji ya Maziwa

Saa saba mchana, Chikongola, umeme umekatika
na bakuli la krimu limeanza kutoa jasho.
Keki ni ya mwali wa Bi Somoe Nalyoto,
anatoka Jumamosi, pesa ya korosho imeshaingia,
na mama mtu alisema: "Iwe nyeupe pepepe,
nisione hata chembe ya mkate."

Nakimbilia kwa Ausi Mtalika, muuza pweza.
Friza lake hushika baridi mpaka jioni.
Nimefunga bakuli kwa mifuko mitatu
nisije nikamlisha mwali harufu ya mikia.
Nangoja, miguu kwenye saruji yenye maji,
namkumbuka Armeli.

Armeli alikuwa mpishi wa kambi ya gesi, Msimbati,
mimi muosha masufuria.
Siku moja akanipa kipigio cha nyaya:
"Piga. Mkono uchoke, usiache.
Ukizidisha, umepata siagi."
Krimu yake ya sukari aliiita shantiyi,
jina la kasri huko kwao,
na kisa chake alikisimulia kwa raha:
mfalme mezani, wageni hawahesabiki,
samaki wakachelewa,
mpishi akajichoma upanga.
"Huyo ndiye aliyeianzisha."
Nikacheka. Kwetu samaki wakichelewa
tunatwanga kisamvu.

Usiku mwingine, bia ya pili, akakiri:
ni uongo mtamu.
Miaka mia kabla ya upanga ule
watu walishapiga krimu kwa vijiti vya miti,
wakaiita theluji ya maziwa.
Jina la kasri lilikuja nyuma sana,
na marehemu hakuwepo kukanusha.

Vijiti vya miti!
Nikamwambia, bibi yangu wa Nanyamba anao upekecho,
kijiti chenye vidole vitano,
anausokota viganjani hadi kunde zinasahau kuwa zilikuwa punje.
Akautaka. Nikamletea.
Akausokota ndani ya krimu, mashavu mekundu,
na krimu ikasimama.

Ila habari ya sukari hakunipa.
Hiyo niliipata Mikindani, kwa Mwalimu Nnunduma,
aliyestaafu historia lakini historia haijamstaafu.
"Pwani hii," alisema, "kuanzia Kilwa,
watu walifungwa, wakavushwa
kwenda visiwa vya Wafaransa, kulima.
Miwa ilikuwamo.
Na hiyo vanila unayoinusa kwenye kichupa,
ni mtoto mtumwa wa kisiwa kimojawapo,
miaka kumi na miwili,
aliyeonyesha jinsi ya kulizalisha ua kwa kijiti."
Kijiti tena.
Akanyamaza, akanywa chai yake kavu.
Ana kisukari.

Tangu hapo nikimimina sukari bakulini
nasikia kitu kama nyayo nyingi mchangani.
Naendelea kumimina. Mteja amelipa nusu.

Mkataba ulipoisha Armeli aliondoka,
na upekecho wa bibi ukaondoka sandukuni mwake.
Sikuudai. Aliupenda.
Lakini pengine, huko, miaka ijayo,
utatundikwa ukutani na kupewa jina la kasri,
na bibi hatakuwepo kukanusha.

Ausi anafungua friza. "Chukua theluji yako."
Umeme bado.
Gesi imelala chini ya nyayo zetu,
nyingine inasafiri bombani kwenda Dar,
nami napiga kwa mkono,
bega la kulia, bega la kushoto,
hadi krimu inabaki na alama ya kijiko
kama godoro lililoamkiwa sasa hivi.

Napaka. Keki inafunikwa kama mwali mwenyewe.
Fadina, mdogo wake, amenyemelea na kidole.
"Hii ni tui?"
"Theluji."
"Theluji ndiyo nini?"
Natafuta jibu. Sijawahi kuiona.
Yeye anaitazama ncha ya kidole chake, juani,
kwa makini kama wa fundi saa.
"Inaondoka," anasema,
na kuiwahi kwa ulimi.